Kutoka Uwanjani Hadi Sikioni: Historia ya Kusikiliza Muziki Nyumbani Katika Rungwe

Historia ya muziki aghalabu huandikwa kwa sifa za waimbaji na wapigaji. Msikilizaji husahauliwa, kana kwamba sikio ni kisima kipokeacho mvua bila hiari yake. Walakini msikilizaji naye ana historia. Hununua, hukopa, huchagua, hutunza na hupoteza. Na kwa kila chombo anachokiingiza nyumbani kwake hubadili kidogo desturi ya nyumba ile. Katika insha hii tutamfuata msikilizaji wa Rungwe, tangu siku za ngoma ya uwanjani hata siku hizi za muziki ujao kwa intaneti.

Dai letu ni hili. Anunuaye chombo cha muziki huuliza kwanza juu ya uzuri wa sauti, na swali hilo ni halali. Lakini nyuma yake yako maswali matatu mengine: ni nani achaguaye wimbo, ni nguvu gani iendeshayo chombo na nani ailipiaye, na ni nani abakiye na wimbo baada ya kupigwa. Aulizaye uzuri wa sauti peke yake ameuliza robo ya swali.

Mji wa Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, umekaa juu ya mabega ya Mlima Rungwe, mlima wa karibu mita 2,960. Ni nchi ya migomba, chai na kahawa, na mvua yake katika sehemu nyingi hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Monica na Godfrey Wilson, wanazuoni wa mila walioishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, walikuta muziki mkubwa wa nchi hii ukikaa nje ya nyumba. Katika makala yake ya 1939 juu ya desturi za mazishi, Godfrey Wilson alieleza jinsi ngoma na machezo yalivyofuatana na kilio. Aliyefika msibani hakuja kusikiliza. Alikuja kulia na kucheza. Kadhalika Wamoravian walioanza kazi Rungwe mwaka 1891, Theodor Meyer akiwa miongoni mwao, walileta tenzi za sauti nne, na matarumbeta yakawa sehemu ya ibada na sikukuu. Hayo nayo yalikuwa muziki wa kundi. Mtu aliyeketi peke yake ndani ya nyumba akisikia wimbo usioimbwa na mtu aliye karibu naye alikuwa bado hajazaliwa.

Mashine ndiyo iliyomzaa. Sauti za kusini mwa nchi hii ziliingia katika mashine mapema: mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani, alisafiri katika sehemu za Lindi na nchi ya Wamakonde akiwa na fonografu, akanasa nyimbo katika mitungi ya nta. Lakini mashine ile ilikuja kuchukua sauti na kuzipeleka Ulaya, wala haikuja kuwaimbia wenyeji. Iliyokuja kuimba ilikuwa santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay, akaimba mbele ya mashine za kampuni ya His Master's Voice, na nyimbo za Kiswahili zikaanza kuuzwa madukani. Tangu 1933 zikafuata santuri za muziki wa Cuba zilizopewa alama ya GV, ambazo ziliathiri sana muziki wa dansi wa Kongo na, kwa njia hiyo, wa Afrika Mashariki.

Katika nyanda za juu njia ya vitu vya dukani ilikuwa ujira. Wanaume wa Rungwe walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa katika Chunya, na kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Nyumbani kulikuwa na fedha za kahawa, na za mpunga wa tambarare za Kyela. Gramafoni ya mkono ilifaa mazingira kama haya, kwa kuwa haikutaka umeme: kamani iliyokazwa kwa mkono ndiyo iliyoizungusha sahani mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulidumu kadiri ya dakika tatu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, sindano ya chuma ilipasa kubadilishwa kila mara, na sahani ikianguka ilivunjika kama chungu. Hata hivyo, kwa maswali yetu matatu, chombo hiki kilijibu vyema kuliko vingi vilivyokifuata. Mchaguzi alikuwa mwenye sahani. Nguvu ilikuwa ya mkono wake. Na wimbo ulibaki sandukuni mwake.

Redio ilivunja mapatano hayo yote. Mwaka 1949 ilitokea katika Rhodesia ya Kaskazini redio ya betri iliyobuniwa kwa ajili ya wasikilizaji Waafrika, kwa juhudi za Harry Franklin wa idara ya habari ya huko. Kwa kuwa umbo lake lilikuwa la mviringo, lilipewa jina la sufuria. Iliuzwa kwa pauni 5, na betri yake kwa pauni 1 na shilingi 5, ikidumu kama saa 300. Msomaji na apige hesabu: shilingi moja ilinunua saa kumi na mbili za kusikiliza. Hapo kwa mara ya kwanza usikilizaji wenyewe ulikuwa na bei ya kila saa, hata kama chombo kimekwisha kulipiwa.

Katika Tanganyika, Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Redio ndogo za transista zilipoenea, sauti ya Dar es Salaam iliingia katika nyumba za migombani. Nguvu yake ilikuwa betri kavu, ambazo watu waliziita mawe. Na mawe yalipochoka yalianikwa juani ili yapate uhai wa siku chache zaidi. Redio ilinena Kiswahili, na kwa kufanya hivyo ilisaidia kujenga taifa. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikusanyika kwa vikundi nchini kote kuisikiliza na kujadiliana. Ulikuwa uwanja wa namna mpya.

Lakini mchaguzi wa wimbo sasa alikuwa mbali. Msikilizaji wa Tukuyu aliweza kutuma salamu na kuomba wimbo, kisha akangoja. Ngoma za mikoa zilirekodiwa na kupewa nafasi, lakini kwa saa iliyopangwa na mtu mwingine. Tena nchi haikuwa na tasnia kubwa ya santuri. Bendi zilirekodi katika studio za redio ya taifa, na santuri zilitegemea mitambo ya Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya kufungwa, njia hiyo ilizibika. Nyimbo nyingi zilizopendwa na taifa zima zilibaki katika kanda za redio tu. Mamilioni ya watu waliujua wimbo kwa moyo, na hapana hata mmoja wao aliyekuwa nao nyumbani.

Kaseti ilikuja kama fidia. Kampuni ya Philips iliidhihirisha mwaka 1963, lakini kwetu ilipata nguvu baadaye, hasa baada ya 1984, Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe. Redio kaseti ilikuwa na uwezo ambao hakuna chombo cha kabla yake kilichompa mtu wa kawaida: ilisikia na ilikumbuka. Mtu aliweza kunasa wimbo wa redio, mahubiri, kwaya ya usharika, au sauti ya bibi yake akisimulia kwa Kinyakyusa. Kwaya za makanisa ziliweza kuuza kaseti bila kupitia mlango wa redio. Uchaguzi ulirudi nyumbani, na hifadhi pia.

Ulirudi na kasoro zake. Kunakili kwa rahisi kuliwanyima watunzi haki yao. Sheria ya hakimiliki ya 1966 haikuweza kulizuia wimbi hilo, ikafuatwa na sheria ya 1999, na Chama cha Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kikaanza kazi mwaka 2001. Adui mwingine wa kaseti katika Rungwe alikuwa hewa yenyewe. Unyevu huotesha ukungu juu ya utepe, na utepe wenye ukungu huchafua kichwa cha mashine, nayo mashine huchafua kaseti nyingine. Kwa hiyo chombo kilichowapa watu kumbukumbu kiliwataka wawe watunzaji, na utunzaji haukuuzwa pamoja nacho dukani.

Hapa inafaa tuitazame nyumba yenyewe, maana nyumba ni sehemu ya chombo. Nyumba ya zamani ya Mnyakyusa ilijengwa kwa mianzi na kuezekwa kwa nyasi, vitu ambavyo haviirudishi sauti kwa ukali. Nyumba ya leo ni ya matofali, sakafu ya saruji na paa la bati. Mvua ya Rungwe ikishuka juu ya bati lisilo na dari, hapana spika iwezayo kushindana nayo kwa heshima. Atakayeongeza sauti atapata makelele mawili badala ya moja. Mwenye fedha kidogo afanye dari kwanza kabla ya kununua spika kubwa. Atandike zulia au mkeka, atundike pazia zito, na aisogeze spika karibu na anapoketi. Asidanganyike na idadi ya wati zilizoandikwa kwenye boksi, bali aende na wimbo anaoujua vizuri, ausikilize dukani kwa sauti ya chini, na kuangalia kama maneno yanasikika wazi. Koni ya spika iliyo ya karatasi iepushwe na ukuta wenye unyevu, na radi zinapoanza chombo kichomolewe katika umeme. Mambo haya ni madogo, lakini hutenganisha sauti nzuri na gharama kubwa.

Sasa tufike kwenye muziki wa siku hizi, ambao humfikia msikilizaji kwa mtiririko. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Simu janja zikaenea. Huduma kama Boomplay zikapata wateja, na Spotify ikafunguliwa kwa Tanzania mwaka 2021. Kijana wa Tukuyu mwenye simu na bando anaweza kusikia katika dakika moja nyimbo nyingi kuliko zilizokuwamo katika duka zima la santuri. Hii ni neema, na asiyeikiri hana insafu. Kwa simu na spika ndogo ya kuchaji anapata sauti iliyo safi kupita gramafoni zote za babu yake.

Lakini maswali yetu matatu hayajafa. Nguvu: muziki wa kilobiti 96 kwa sekunde hula kadiri ya megabaiti 43 kwa saa, wa kilobiti 320 hula 144, na wenye ukamilifu wa sidii, usiobanwa, hupita 600. Bei ya kila saa, iliyoanza na betri ya sufuria, imerudi kwa jina la bando. Uchaguzi: msikilizaji hudhani anachagua, ilhali orodha anayowekewa mbele imepangwa kwa hesabu za mashine, kwa kufuata yapendwayo na wengi. Wimbo wa msiba wa Rungwe hauna wengi. Hifadhi: anayelipa kwa mwezi amelipia ruhusa, hakununua wimbo. Malipo yakikoma, au mwenye haki akiuondoa wimbo, hapana kinachobaki kabatini. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Na maktaba ya kuazima haihifadhi kumbukumbu za ukoo.

Tena iko hedifoni, ambayo imekamilisha safari tuliyoianza. Muziki uliotoka uwanjani ukaingia sebuleni sasa umeingia sikioni. Katika nyumba ya bati wakati wa masika, hedifoni ni dawa ya kweli, na mwanafunzi katika bweni huihitaji kwa amani ya wenzake. Lakini mtoto asikiaye kwa hedifoni hasikii anachosikia baba yake, wala baba hajui mtoto anaimba nini. Desturi ya kufundishana nyimbo bila kukusudia, kwa kukaa chumba kimoja tu, hukatika hapo.

Hatusemi kwamba watu warudi kwenye kamani na sindano. Tunasema kwamba mwenye kuchagua chombo leo achague kwa maswali yote manne. Atafute kile kipokeacho mtiririko, lakini pia chenye mahali pa kuchomeka flashi au kadi, ili vilivyo vyake mwenyewe viweze kupigwa siku bando limekwisha. Anunue nyimbo anazozipenda kweli pale zinapouzwa, kwa haki ya mtunzi na kwa usalama wake. Zaidi ya yote, kaseti zilizobaki katika masanduku ya Rungwe zinakiliwe kabla ukungu haujazimaliza, na kila nakala iandikwe jina la mwimbaji, mahali na mwaka.

Hili la mwisho ni wajibu wa wasomi kabla ya kuwa wajibu wa wengine. Mitungi ya nta aliyoijaza Weule mwaka 1906 ni mali dhaifu kupita kaseti yoyote, lakini imo katika hifadhi ya sauti ya Berlin, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Ilidumu kwa sababu iliandikwa, ikapangwa, na mtu akapewa kazi ya kuitunza. Je, kwaya iliyorekodi kaseti yake Tukuyu mwaka 1985 inaweza kusema hivyo? Sauti ya mgeni aliyepita kwa miezi michache ikidumu zaidi ya miaka mia, na sauti yetu wenyewe ikifa katika miaka arobaini ndani ya nyumba zetu, lawama haitakuwa ya spika.