SEHEMU YA 5: Watoto Waliokosa Askari wa Damu

Mama zangu na baba vijana, tuendelee. Mmoja wenu aliuliza ile sindano ya "kupandisha kinga" anayochomwa mwanawe baada ya dawa za saratani ilitoka wapi. Historia yake ina watoto ambao hawakuwa na saratani kabisa.

Mwaka 1956 daktari Rolf Kostmann wa Sweden aliandika kuhusu watoto wa kaskazini mwa nchi yake, wa familia zenye undugu. Mtoto anazaliwa vizuri, halafu majipu, vidonda mdomoni, homa. Antibayotiki zinamtuliza, ugonjwa unarudi. Wengi walikufa wachanga. Jamani, kuna mama alizika wa kwanza, akazika na wa pili.

Damu yao karibu haikuwa na nyutrofili, zile seli nyeupe zinazowahi kwenye maambukizi na kumeza bakteria. Nyutrofili haziishi muda mrefu, kwa hiyo uboho wa mifupa hutengeneza mpya kila siku. Kwa watoto hawa seli changa zilikuwepo kwenye uboho, ila hazikukomaa.

Kinachoziamuru ziongezeke na kukomaa ni protini iitwayo G-CSF. Ni mojawapo ya saitokini, protini ambazo seli hutumia kupeana taarifa. Shida, mwilini ni kidogo mno. Mwaka 1985 Karl Welte na wenzake huko New York waliichuja kutoka kwenye seli za saratani ya kibofu zilizokuzwa maabara. Mwaka uliofuata jeni lake lilinakiliwa, likapandikizwa ndani ya E. coli. Ndiyo, huyu huyu mnayemsoma kwenye majibu ya mkojo! Sasa akawa kiwanda.

Mwaka 1989 zilitoka habari za watoto 5 wenye tatizo hili waliochomwa protini hiyo. Wote watano nyutrofili zilipanda, maambukizi yakapungua. Mwaka 1991 Marekani iliiruhusu, kwanza kwa wagonjwa wa saratani, maana dawa zao huangusha nyutrofili.

Sio muujiza. Waliozaliwa na tatizo hili huchomwa miaka na miaka, na baadhi hupata saratani ya damu baadaye, ndiyo maana hufuatiliwa kwa vipimo.

Na wewe mama uliyeuliza: akilalamika mifupa inauma baada ya sindano, ni kawaida, uboho uko kazini. Ila usimpe dawa ya maumivu kimya kimya, inaficha homa. Mpime kwanza. Ikifika 38, nenda hospitali usiku huo huo.