Maneno au Tarakimu? Kanuni ya Kiingereza Mbele ya Hesabu za Chai Litein

Mwanafunzi wa Kenya hufundishwa mapema jinsi ya kuandika nambari katika sentensi ya Kiingereza: moja hadi tisa kwa maneno, kumi na kuendelea kwa tarakimu, na sentensi isianze na tarakimu. Kanuni hiyo ina manufaa yake. Kosa ni kuichukulia kuwa kanuni ya uandishi bora popote, kisha kuihamishia kwenye matangazo na ripoti za Kiswahili bila kuuliza ilitungwa kwa sababu gani. Makala haya yanadai kwamba usalama wa kuandika nambari kwa maneno katika Kiingereza unatokana na mpangilio wa maneno wa Kiingereza, na kwamba Kiswahili hakina mpangilio huo.

Litein, katika eneo la Bureti kaunti ya Kericho, ni mahali pazuri pa kuupima mjadala huu. Mkulima anayepeleka majani mabichi kwa kiwanda kilicho chini ya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, huenda akazungumza Kipsigis nyumbani, akamsikiliza karani kwa Kiswahili, na akapokea taarifa ya malipo kwa Kiingereza. Kiasi kile kile cha fedha hupita katika lugha tatu kabla hakijamfikia mfukoni.

Wanaoitetea kanuni hiyo husema Kiingereza kimeshaafikiana. Hakijaafikiana. Mwongozo wa Associated Press huanza tarakimu kwenye 10, ilhali Chicago Manual of Style, katika kanuni yake ya jumla, huandika kwa maneno hadi mia moja. Huu ni mtindo wa wachapishaji, na kila mchapishaji ana wake. Katazo la kuanza sentensi na tarakimu nalo lina maana kwa sababu Kiingereza hutanguliza nambari mbele ya nomino. Kiswahili hutanguliza nomino: "Kilo 4,200 zilipokelewa" ni sentensi iliyokwisha kutii katazo hilo bila hata kulijua.

Ushahidi mzito uko kwenye maelfu. Kiingereza huweka neno la elfu mwishoni mwa kundi lake, hivyo msomaji hujua papo hapo wapi maelfu yanakomea. Kiswahili huliweka mwanzoni. Chini ya elfu kumi hapana tatizo: "elfu mbili na tano" ni 2,005 tu, kwa kuwa "mbili na tano" si nambari moja. Kuanzia elfu kumi mambo hugeuka. "Shilingi elfu ishirini na tano" yaweza kuwa 25,000, na yaweza kuwa 20,005. "Elfu mia mbili na hamsini" ni 250,000 au 200,050. Msemaji hutenganisha maana hizo kwa pumziko; karatasi haina pumziko. Laki haiokoi, kwani mtu akisema "laki tatu na hamsini" mara nyingi anakusudia 350,000, ingawa kwa hesabu kavu amesema 300,050.

Sheria hufanya suala hili kuwa zaidi ya upambaji wa sentensi. Sheria ya Kenya kuhusu hundi, iliyorithi kanuni ya Uingereza ya mwaka 1882, inasema kiasi kilichoandikwa kwa maneno kikitofautiana na kile cha tarakimu, maneno ndiyo yatakayofuatwa. Sababu yake ni ya busara: sifuri moja huongezwa kwa urahisi, neno ni gumu kughushi. Lakini busara hiyo inachukulia kwamba neno lina maana moja.

Itajibiwa kwamba muktadha hutosha, na kwamba hakuna hakimu atakayesoma "elfu ishirini na tano" kuwa 20,005 wakati pembeni pameandikwa 25,000. Nakubali. Ila jibu hilo linathibitisha hoja yangu: iliyoondoa utata hapo ni tarakimu, na maneno yamekuwa mfuasi. Tena muktadha husaidia pale tu msomaji anapojua kiasi cha kutarajia. Mkulima ajuaye uzito wa majani yake hatababaika. Mwanahisa anayesoma jumla ya kiwanda, "kilo elfu thelathini na nne", hana cha kulinganisha nacho.

Tarakimu nazo zina mitego yake, hasa kwenye senti. Tuseme bonasi imetangazwa kuwa shilingi 23.5 kwa kilo. Anayesoma kiwango hicho kama shilingi 23 na senti tano, badala ya senti 50, atakuwa amekosea kwa senti 45. Kwa kilo 6,000 kosa hilo ni shilingi 2,700. Kipimo pia lazima kitajwe kikamilifu. Mnada wa Mombasa huuza chai iliyosindikwa kwa dola, mkulima hulipwa kwa shilingi kwa majani mabichi, na kilo moja ya chai kavu huhitaji kilo nne hadi tano za majani. Neno "kilo" pekee huzaa ulinganisho wa uongo na manung'uniko yasiyo na msingi, au huyaficha yenye msingi.

Saa ni jambo fupi: "saa 8:00" bila "asubuhi" au "mchana" ni tangazo lenye nyakati mbili, kwa kuwa saa nane ya Kiswahili huweza kuwa ya mchana, na saa nane ya Kiingereza huweza kuwa ya asubuhi.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika Kiswahili cha fedha, uzito na wakati, tarakimu zitangulie hata chini ya kumi. Senti ziandikwe kwa tarakimu mbili daima. Na panapotakiwa maneno, kuanzia elfu kumi neno "elfu" lifuate idadi yake: "ishirini na tano elfu". Mpangilio huu wa mwisho tayari unasikika vinywani mwa watu, ingawa baadhi ya walimu watauona mkavu. Hadithi na insha zinaweza kubaki na ladha zao. Lakini hundi ya Kiswahili isiyofuata mpangilio huo haistahili kanuni ya kuyapa maneno kipaumbele, na Bunge, chini ya Katiba ya 2010 inayokiri Kiswahili kuwa lugha rasmi, lina wajibu wa kulisema hilo ndani ya sheria yenyewe.