Tea ya Waingereza, chai ya Isiolo

Tea na chai ni maneno ya Kichina yaliyosafiri kwa njia mbili. Katika mkoa wa Fujian, wasemaji wa Kimin waliliita jani hilo te. Waholanzi walilinunua kwao katika karne ya 17 na kueneza jina hilo Ulaya magharibi. Waingereza walikuwa wameshaandika chaa mwaka 1598, katika tafsiri ya safari za Mholanzi Linschoten, lakini neno la Fujian likashinda. Samuel Pepys alipoonja kinywaji hicho London mwaka 1660 aliandika tee, na hadi karne ya 18 wengi walitamka tei.

Kwingineko China lilitumika cha. Waajemi wakalifanya chay, likaenea India na pwani ya Afrika Mashariki. Kiarabu sanifu hakina sauti ya ch, kwa hiyo Waarabu wengi husema shay na Wasomali shaah.

Njia hiyo ya pili ndiyo inayosikika Isiolo, mji wa kaskazini mwa Kenya. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwapa makazi hapo Wasomali waliotumikia jeshi lake, nao wana shaah yao. Kiborana, kinachozungumzwa pia hapo, ni tawi la Kioromo, lugha yenye shaayii. Wameru huandika cai na kutamka chai. Ajabu ni kwamba mmea wenyewe uliletwa na walowezi wa Kizungu, waliouotesha Limuru mwaka 1903, na leo unakuzwa hata Meru, jirani kabisa na Isiolo. Jina lao halikufuatana nao: walikuta chai imeshatangulia.

Chai ya Isiolo ni ya maziwa na sukari nyingi, mara nyingi kwa tangawizi au iliki. Maziwa yakiwa ya ngamia huwa na harufu ya moshi, kwa sababu vibuyu hufukizwa kwa kuni maalumu. Wanawake wafanyabiashara huyakusanya, huyachemsha na kuyapakia kwenye mabasi ya Nairobi, hadi mtaa wa Eastleigh.

Maana nayo imepanuka. Chai ni kifungua kinywa. Ni hongo pia, na anayeombwa "kitu kidogo cha chai" hadhani anadaiwa majani. Kaskazini mwa Uingereza, tea ni mlo wa jioni. Siku hizi Kiingereza kimeazima chai pia, ila kwa kinywaji cha maziwa na viungo pekee. Isiolo, hata strungi isiyo na tone la maziwa ni chai.