Ulaji wa shibe

Desemba, katika vilima vya mashariki mwa Uskoti, jua huchomoza karibu na saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri. Ayala dume aliyejaziwa hori nyasi kavu hula kidogo, huinua kichwa, huondoka. Chakula kimebaki. Juni, dume huyohuyo akiwekewa hori lilelile, hula na kuendelea kula.

Kiasi anachokula mnyama ilhali chakula bado kipo mbele yake kina jina katika elimu ya lishe ya mifugo, na mfasiri mwenye haraka atakiita “ulaji wa hiari”. Jina hilo silikubali. Hiari ni kuchagua, na ayala hachagui ale kiasi gani. Watafiti wamewafungia ayala ndani na kubadilisha ratiba ya taa, na hamu yao ya kula ikafuata taa. Oktoba, wakati wa kupandana, dume huacha kula karibu kabisa na kukonda sana, nyasi zikiwa kwatoni. Mimi nasema ulaji wa shibe. Mtoto akisukuma sahani yenye wali, mama hasemi ametumia hiari yake, anasema kashiba. Mchungaji naye husema hivyohivyo juu ya ng'ombe. Shibe ya ayala hupanda na kushuka kwa mwaka, na hiyo ndiyo inayopimwa.

Nimeandika ayala, neno la Biblia ya Kiswahili, kwa makusudi. Kulungu wetu ana pembe za kudumu. Ayala dume huziangusha kila mwaka na kuotesha nyingine. Nimetaja miezi pia, kwa sababu vuli kwetu ni mvua, na kiangazi ni ukame. Msomaji wa Dodoma akiambiwa ayala hunenepa kiangazi, atashangaa kwa haki.

Kipimo chenyewe huhesabiwa kwa uzito mkavu. Kilo 5 za nyasi mbichi zenye maji asilimia 80 ni kilo 1 tu ya chakula. Bila kuondoa maji, mnyama wa Juni anayekula nyasi mbichi ataonekana mlafi kuliko alivyo.

Horini kazi ni nyepesi: pima kilichowekwa, toa kilichobaki. Lakini ayala anayejilishia mlimani utampimaje? Mwaka 1986 mtafiti Mayes na wenzake, wakifanya kazi na kondoo, walionyesha njia ninayoiona nzuri mno. Majani yana nta, na ndani ya nta mna alkani, minyororo ya kaboni. Mingi ina kaboni za idadi witiri, kama 33. Wa kaboni 32 ni haba sana. Basi mnyama humezeshwa kila siku kiasi kinachojulikana cha alkani ya kaboni 32, kisha kinyesi chake hupimwa.

Tuseme amemezeshwa miligramu 50, na kinyesini alkani ya 33 ni mara mbili ya ile ya 32. Basi amekula miligramu 100 za ile ya 33. Ikiwa kila kilo kavu ya majani ina miligramu 100, amekula kilo 1. Sehemu ya alkani hupotea tumboni, ni kweli, lakini hizi mbili hupotea kwa kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo uwiano wao hauharibiki sana. Hakuna haja ya kukusanya kinyesi chote, sampuli inatosha.

Ugumu umebaki kwenye majani. Ayala huchagua: hung'ata jani changa na kuacha bua, na nta hutofautiana kati ya mmea na mmea. Ukifyeka tu kwa mundu na kupeleka maabara, umepima nyasi za shamba, si mlo wake. Kwa hiyo mtafiti huwatazama wanyama wakila, kisha huenda palepale walipopita, akapiga magoti na kuchuma kwa vidole ncha zilezile walizokuwa waking'ata.