Oliver Tambo

Oliver Reginald Kaizana Tambo (27 Oktoba 1917 – 24 Aprili 1993) alikuwa mwanasheria, mwanasiasa na mwanadiplomasia wa Afrika Kusini. Aliongoza kazi za chama cha African National Congress (ANC) nje ya nchi kwa miaka 30, kuanzia mwaka 1960 hadi 1990, na tangu mwaka 1967 alikuwa kiongozi wa chama chote. Wenzake walizoea kumwita kwa herufi mbili tu, O.R.

Sehemu muhimu ya historia yake inahusu mji wa Morogoro nchini Tanzania, chini ya milima ya Uluguru. Huko ndiko ANC ilikofanya mkutano wake wa mwaka 1969, ambao Tambo aliuanza akiwa kiongozi anayelaumiwa na kuumaliza akiwa amethibitishwa upya. Huko pia, katika eneo la Mazimbu, ANC ilijenga shule yake kubwa.

Maisha ya awali

Tambo alizaliwa katika kijiji cha Nkantolo, wilaya ya Bizana, eneo la Wapondo ambalo leo limo katika mkoa wa Eastern Cape. Alisoma katika shule za misheni, kisha katika shule ya Kianglikana ya St Peter's mjini Johannesburg. Mwaka 1941 alipata shahada ya sayansi katika Chuo Kikuu cha Fort Hare. Mwaka uliofuata alifukuzwa chuoni hapo kwa sababu ya mgomo wa wanafunzi, akarudi St Peter's kufundisha sayansi na hisabati.

Mwaka 1944 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Umoja wa Vijana wa ANC, pamoja na Nelson Mandela, Walter Sisulu na Anton Lembede. Baadaye alisomea sheria, na mwaka 1952 yeye na Mandela walifungua ofisi ya mawakili mjini Johannesburg iliyoitwa "Mandela and Tambo". Wateja wao wengi walikuwa Waafrika walioshtakiwa kwa kuvunja sheria za ubaguzi wa rangi.

Tambo alikuwa Mkristo wa Kanisa la Kianglikana na alikusudia kuwa padri. Mpango huo ulikatizwa Desemba 1956, alipokamatwa pamoja na watu wengine zaidi ya 150 kwa shtaka la uhaini. Mashtaka dhidi yake yalifutwa baadaye. Mwezi huohuo wa Desemba alimwoa Adelaide Tshukudu, muuguzi na mwanachama wa ANC. Walijaliwa watoto watatu.

Alikuwa Katibu Mkuu wa ANC kuanzia mwaka 1955 na Makamu wa Rais wa chama kuanzia mwaka 1958, chini ya Albert Luthuli.

Kwenda uhamishoni

Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwaua waandamanaji 69 huko Sharpeville. ANC ilikuwa imekwisha kuamua kwamba ikipigwa marufuku, Tambo atoke nje ya nchi ili aeleze msimamo wake duniani. Siku chache baada ya mauaji hayo alivuka mpaka na kuingia Bechuanaland (leo Botswana), kisha akasafiri kwenda kaskazini. Alipita Dar es Salaam, ambako alikutana na Julius Nyerere, wakati Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru. Familia yake ilihamia London, lakini yeye mwenyewe alikuwa safarini muda mwingi, na watoto wake walikua wakimwona kwa nadra.

Oktoba 1963 alihutubia kamati ya Umoja wa Mataifa mjini New York wakati Mandela na wenzake walikuwa wanakabiliwa na kesi ya Rivonia. Siku chache baadaye Baraza Kuu lilipitisha azimio la kuitaka Afrika Kusini iwaachie wafungwa wa kisiasa. Nchi 106 ziliunga mkono azimio hilo, na ni Afrika Kusini peke yake iliyolipinga.

Tanzania ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) tangu mwaka 1963. Wapiganaji wa ANC walipewa kambi Kongwa, mkoani Dodoma. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ya Tanzania ilitaka vyama vya ukombozi vibakize watumishi wachache tu Dar es Salaam. Kwa hiyo ANC ilihamishia makao yake Morogoro, umbali wa kilomita 200 hivi kutoka pwani.

Mkutano wa Morogoro

Luthuli alifariki Julai 1967, na Tambo akawa kaimu rais wa ANC. Mwezi uliofuata wapiganaji wa ANC, wakishirikiana na wale wa chama cha ZAPU cha Zimbabwe, walivuka mto Zambezi na kupigana na majeshi ya Rhodesia katika eneo la Wankie. Walitarajia kufungua njia ya kufika Afrika Kusini, lakini hawakufanikiwa. Wengi waliuawa, na wengine walifungwa Rhodesia au Botswana.

Walionusurika walirudi wakiwa na hasira. Chris Hani na wenzake sita waliandika waraka wakiwashutumu viongozi kwamba wamezoea maisha ya ofisini na safari za nje, wamewasahau wapiganaji kambini, na hawana mpango wa kurudi nyumbani. Baadhi ya viongozi walitaka waandishi wa waraka huo wapewe adhabu kali, hata ya kifo. Hani na wenzake walisimamishwa uanachama. Tambo alipinga adhabu ya kifo na akaamua kuitisha mkutano ili malalamiko yajadiliwe waziwazi.

Mkutano ulifanyika Morogoro kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969, ukihudhuriwa na wajumbe zaidi ya 70. Lawama zilipozidi, Tambo alijiuzulu uongozi. Wajumbe walikataa kumwacha aondoke, wakamthibitisha tena. Mambo makuu yaliyoamuliwa ni haya:

- Kamati ya Utendaji ya Taifa ilipunguzwa ukubwa, na baadhi ya viongozi wa zamani waliondolewa.
- Liliundwa Baraza la Mapinduzi la kusimamia mapambano, likiwa na wajumbe wasio Waafrika kama Yusuf Dadoo na Joe Slovo.
- Uanachama wa ANC nje ya nchi ulifunguliwa kwa watu wa rangi zote, ingawa Kamati ya Utendaji ilibaki kwa Waafrika peke yao.
- Ilipitishwa hati iliyoitwa "Mkakati na Mbinu", iliyoeleza kwamba silaha peke yake hazitoshi bila kazi ya siasa miongoni mwa wananchi.

Baada ya mkutano Hani na wenzake walirudishiwa uanachama. Hata hivyo, uamuzi wa kufungua uanachama haukuwaridhisha wote. Mwaka 1975 wanachama wanane waliokuwa wakiupinga walifukuzwa. Kamati ya Utendaji ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote katika mkutano wa Kabwe, Zambia, mwaka 1985.

Mazimbu na Dakawa

Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya tarehe 16 Juni 1976, maelfu ya vijana walikimbia Afrika Kusini. Wengi wao hawakuwa wamemaliza masomo. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliipa ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro. Mkuu wa mkoa wakati huo alikuwa Anna Abdallah.

Shule iliyojengwa hapo ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana mpiganaji wa ANC aliyenyongwa mjini Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mazimbu ilikuwa na shule ya watoto wadogo, ya msingi na ya sekondari, pamoja na mashamba na karakana. Misaada ilitoka nchi nyingi, zikiwemo Sweden, Norwei na Uholanzi. Hospitali ya Mazimbu ilijengwa kwa michango ya Waholanzi na iliwatibu pia wanavijiji wa jirani. Tambo aliizindua shule rasmi Agosti 1985. Umbali kutoka mpaka wa Afrika Kusini ulikuwa kinga, kwani makazi ya ANC huko Matola, Msumbiji (1981) na Maseru, Lesotho (1982) yalishambuliwa na makomando wa Afrika Kusini.

Makazi ya pili yalianzishwa Dakawa, kaskazini mwa Morogoro. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu wa Tanzania, Edward Moringe Sokoine, alifariki katika ajali ya barabarani karibu na Dakawa. Gari lililogongana na lake liliendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini, mwanachama wa ANC. Licha ya msiba huo, Tanzania iliendelea kuwapokea wakimbizi wa ANC.

Uongozi wa Tambo ulikosolewa pia kwa sababu ya mateso waliyofanyiwa wanachama katika kambi za Angola, hasa kambi ya gereza iliyoitwa Quatro. Mwaka 1984 iliundwa tume ya kuchunguza maasi ya wapiganaji huko, na mkutano wa Kabwe ulipitisha kanuni za nidhamu na haki. Baadhi ya walioachiwa kutoka Quatro walipelekwa Dakawa.

Kazi ya diplomasia

Tambo hakuwa na serikali wala nchi nyuma yake, lakini alipokelewa na wakuu wa nchi nyingi. Alipata silaha na mafunzo kutoka Umoja wa Kisovyeti, na fedha za shule na chakula kutoka nchi za Skandinavia. Novemba 1980 alitia sahihi mjini Geneva tamko kwamba ANC itafuata Mikataba ya Geneva kuhusu vita.

Septemba 1985 alikutana nchini Zambia na wafanyabiashara wakubwa wa Afrika Kusini. Februari 1986 alihutubia mjini Stockholm pamoja na Waziri Mkuu Olof Palme, aliyeuawa wiki moja baadaye. Januari 1987 alipokelewa mjini Washington na George Shultz, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani.

Mwaka 1989 alizunguka nchi zilizo mstari wa mbele ili kupata makubaliano juu ya masharti ya mazungumzo na serikali ya makaburu. Safari hizo zilimchosha, na mwezi Agosti alipatwa na kiharusi mjini Lusaka. Masharti aliyoyashughulikia yalipitishwa na kamati ya OAU mwezi huohuo, yakajulikana kama Azimio la Harare.

Kurudi nyumbani na kifo

Tambo alirudi Afrika Kusini Desemba 1990. Julai 1991 Mandela alichaguliwa rais wa ANC, na Tambo akawa mwenyekiti wa taifa wa chama. Alifariki kwa kiharusi tarehe 24 Aprili 1993, wiki mbili baada ya Chris Hani kuuawa, na mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote. Alizikwa Wattville, Benoni. Hakuwahi kupiga kura katika nchi yake.

Kumbukumbu

Mwaka 2006 uwanja wa ndege wa kimataifa wa Johannesburg ulipewa jina lake. Nishani ya Afrika Kusini kwa wageni walioisaidia nchi hiyo inaitwa Nishani ya Maswahaba wa O.R. Tambo.

Mwaka 1992 ANC iliikabidhi Mazimbu kwa serikali ya Tanzania. Leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na wanafunzi wa Kitanzania wanasoma katika majengo yaleyale. Makaburi ya Waafrika Kusini waliofia uhamishoni yanatunzwa hapo hadi sasa.