Baruti ya Kulenga, Baruti ya Kusikika

Mwaka 1931, Marekani ikiwa imebanwa na mdororo wa uchumi, wapenzi wa silaha za kale walikutana Portsmouth, mji wa jimbo la Ohio ulio kando ya mto, wakashindana shabaha kwa bunduki ambazo majeshi yalikwisha kuzitupa zamani: zile za kushindilia baruti na risasi kupitia mdomo wa kasiba. Mwaka 1933 wakaunda chama cha taifa. Mwaka 1939 wakaanza kutoa jarida lao, Muzzle Blasts. Baadaye wakapata uwanja wao katika kijiji cha Friendship, Indiana, na hadi leo wapigaji hukusanyika huko mara mbili kwa mwaka, kila mmoja na pembe yake ya baruti begani. Kumbukumbu za miaka ile ya mwanzo hurithishwa kama hadithi za ukoo: nani alikuja na bunduki gani, nani alimshinda nani.

Bunduki ya jamii hiyo hiyo ilipita Samburu. Nasema Samburu ya Kwale, ya Waduruma, kati ya Maji ya Chumvi na Taru kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Si ile ya kaskazini. Kabla ya reli kuanza kujengwa mwaka 1896, nyika hii ilikuwa njia ya misafara, na msafara bila magobori haukuwa msafara. Upande wa bahari, Gazi, Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui aliishi miongo mingi akiwa na watu wenye bunduki, akigombana na masultani wa Unguja na hatimaye na Waingereza. Kwa hiyo silaha ilikuwepo, baruti ilikuwepo na wajuzi walikuwepo. Hata hivyo hakuna anayekusanyika Kinango wala Msambweni kulikumbuka gobori kwa kulipiga. Tukilisikia, tunalisikia katika taarifa ya polisi, hasa ng'ambo ya mpaka, Tanzania, ambako magobori ya kienyeji hukamatwa mara kwa mara pamoja na majangili.

Jibu la haraka ni kwamba serikali ilichukua silaha, basi. Ni kweli, lakini halitoshi. Ninavyoona mimi, gobori la huku halikupata nafasi ya kuwa chombo cha kulenga. Lilikuwa chombo cha kusikika, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha kumbukumbu za pande hizi mbili.

Tuanze ndani ya kasiba. Bunduki waliyoienzi watu wa Ohio, ile ndefu iliyoundwa na mafundi wa Pennsylvania kuanzia karne ya 18, ina mifereji inayozunguka kwa ndani. Mpigaji humimina baruti aliyoipima, huweka kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta juu ya mdomo, huiweka risasi ya mviringo juu ya kitambaa, kisha huisukuma kwa mdeki mpaka ikae juu ya baruti. Kitambaa hushika mifereji, risasi hutoka ikijizungusha, na kitu kinachozunguka hakiyumbi ovyo. Kazi hii haitaki pupa. Baruti ikizidi au kupungua kidogo tu, risasi huangukia pengine. Ukichelewa kusafisha, masizi huganda na mdeki hukwama katikati, jambo ambalo wapigaji wa Friendship hulisimulia kwa kicheko likimpata mwingine.

Gobori la biashara lililoshushwa Unguja na kupanda bara lilikuwa na kasiba laini. Risasi yake, mara nyingi ndogo kuliko tundu, hugonga ukuta huu na ule ikienda, na ikitoka huchagua njia yake yenyewe. Kwa hatua chache linaua tembo. Mwindaji hodari alisifiwa kwa kunyemelea, asogee mpaka asikie mnyama akitafuna. Kwa hatua mia, hata fundi anabahatisha. Huwezi kujenga mashindano ya shabaha juu ya chombo kisichomtofautisha fundi na mwenye bahati.

Na hili halikuwa suala la soko peke yake. Mwaka 1888, Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Unguja, alikadiria kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Zilianza kuchanganyika na zile za kisasa za kujaza risasi kwa nyuma, ambazo Ulaya ilikuwa ikiziuza kwa bei ya chee kila jeshi lilipobadilisha silaha. Hofu ikaingia. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, unaokumbukwa zaidi kwa kupiga vita biashara ya watumwa, ulizuia silaha kuingia Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta. Ila ukaacha tundu: bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuuzwa chini ya uangalizi wa serikali. Kwa maneno mengine, Mwafrika aliruhusiwa bunduki kwa sharti kwamba isiwe na shabaha. Sijui kama kuna sheria nyingine iliyoingia ndani ya kasiba kiasi hicho.

Ukisoma vitabu vya pande zote mbili tofauti hiyo inajitokeza wazi. Katika riwaya ya James Fenimore Cooper, The Pioneers, ya mwaka 1823, watu hushindana Krismasi kumpiga bata mzinga kwa risasi moja, na msomaji huambiwa kila kitu: nani analipa, bunduki inashikwaje, nani anakosa. Katika milima ya Tennessee na Kentucky waliwania ng'ombe. Nyama iligawanywa kwa washindi robo kwa robo, ngozi na mafuta yakahesabiwa kuwa robo ya tano, hata risasi zilizobaki ndani ya mti wa shabaha zikawa fungu, kwa maana risasi huyeyushwa na kutumika tena. Filamu ya Sergeant York ya mwaka 1941 iliyapeleka mashindano hayo kwenye majumba ya sinema ya dunia nzima. Kila mara ni mtu mmoja, risasi moja, alama moja.

Sasa fungua Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Anapofika kwenye vita vyake na mtawala Nsama wa Itabwa, mwaka 1867, hakuna shabaha. Kuna bunduki chache zikilia kwa pamoja mbele ya umati mkubwa, na umati unaanguka na kukimbia. Ushindi haukuwa wa jicho la mtu fulani. Ulikuwa wa kishindo, moshi na marisaa. Msafiri Stanley naye, akieleza alivyoingia Ujiji mwaka 1871, anasimulia jinsi watu wake walivyofyatua bunduki hewani, bendera ikipepea, mji mzima ukatoka kutazama. Hiyo ilikuwa ada ya misafara yote. Ukikaribia mji bila kupiga, utadhaniwa mwizi, au mgonjwa, au umefilisika. Kwa hiyo tukitafuta mkusanyiko wa magobori katika Afrika Mashariki tusitafute uwanja wa shabaha. Tutafute lango la mji siku msafara unaingia.

Gobori lilikuwa na matumizi mengine pia, hata ya kuchekesha. Mwaka 1851 Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Rabai, alipita nyika hii kwenda Ukambani. Mwenyeji wake Kivoi alipouawa karibu na mto Tana, Krapf akakimbia peke yake. Hakuwa na chombo cha maji, akajaza maji ndani ya mitutu ya bunduki yake na kuiziba kwa nyasi. Vichaka vikachomoa nyasi njiani na maji yakamwagika. Silaha iliyokusudiwa kumlinda ikawa kibuyu, tena kibovu.

Je, watu wa nyika hawakujua kulenga? Walijua sana, ila si kwa baruti. Waduruma walikuwa na uta na mshale wenye sumu, na jirani zao Waata, wale walioitwa Waliangulu, walikuwa na uta mrefu ambao kuuvuta kulihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100, sawa na kuinua gunia zima la simiti kwa vidole. Kwa uta huo walimwangusha tembo. Hapo ndipo palipokuwa na kila kitu ambacho watu wa Portsmouth walikitafuta kwenye bunduki za babu zao: chombo kilichotengenezwa kwa mkono, mwenye chombo kujulikana kwa chombo chake, mshale wenye alama ya mmiliki, na simulizi za usiku kuhusu nani alilenga nini. Tsavo ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948, na hasa baada ya operesheni za 1956 na 1957 dhidi ya wawindaji, ustadi huo ukawa kosa la jinai. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji karibu wote. Siwatetei waliomaliza tembo, na pembe hazikuliwa na Waata. Zilinunuliwa na watu wa mjini. Lakini upande huu wa nchi ulipoteza mara mbili, bunduki yake ya kusikika na uta wake wa kulenga.

Kuna mila za bunduki ambazo hazikufa na ambazo hazina haja na shabaha. Ng'ambo ya bahari, Oman na Falme za Kiarabu, wanaume wamehifadhi ngoma za panga na bunduki. Razfa, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2015 kwenye orodha ya urithi, huchezwa mara nyingi kwa bunduki za mbao zinazorushwa juu na kudakwa. Silaha imeondolewa makali na imebakiziwa madaha. Waswahili wa Muscat wanaijua razha, ngoma ya panga ya huko, na upanga wa razha ulifika pwani yetu pia, ingawa nadhani sisi tuliupenda zaidi mkwaju wa kirumbizi, ngoma ya fimbo.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Morocco. Katika tbourida, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2021, wapanda farasi kati ya 15 na 25 hujipanga mstari mmoja, hutoka mbio kwa pamoja, na mwishoni hufyatua bunduki ndefu za kushindilia, baruti tupu bila risasi. Wanashindanishwa, na wanapewa alama. Kinachotazamwa ni umoja wa mlio: bunduki zote zisikike kama moja. Ikichelewa moja, kila mtu uwanjani anasikia. Kumbe kusikika nako kunaweza kuwa ufundi wenye kanuni, waamuzi na mabingwa. Ada ya misafara yetu ilikuwa na mbegu hiyo ndani yake.

Ila mtu asiyatamani mno hayo. Msafara uliokuwa ukilia bunduki langoni mara nyingi ulikuwa na watu wamefungwa minyororo nyuma, na kwao mlio ule haukuwa shangwe. Kumbukumbu za Ohio nazo zina shimo lake. Portsmouth ilijengwa kando ya mdomo wa mto Scioto, ambapo katika karne ya 18 palikuwa na mji mkubwa wa Washawnee, na bunduki ndefu ya Pennsylvania ilikuwa miongoni mwa silaha zilizowaondoa. Jina la Indiana, yaani nchi ya Wahindi Wekundu, limebaki; wenyewe wengi walihamishwa. Sijakuta simulizi za wapigaji zikikaa sana hapo.

Kuna uzi mwingine wa kihistoria unaozifunga pande hizi mbili. Septemba 1833, miaka 100 kabla ya chama cha wapigaji, Marekani ilitia sahihi mkataba wa biashara na Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliruhusiwa kuuza bidhaa zao kwa uhuru, isipokuwa bunduki, baruti na risasi, ambazo kisiwani Unguja ziliuzwa kwa serikali tu. Sultani alijua biashara ipi ya kuiweka mkononi mwake. Mwaka 1840 meli yake Sultana, chini ya nahodha Ahmad bin Na'aman, ilikwenda New York, na iliporudi ilikuwa na bunduki na baruti pamoja na vitambaa vya merikani. Hivyo Mmarekani mmoja aliweka bunduki ukutani kwa ajili ya mjukuu, na mwingine akapakia za kuuza.

Mambo ya Gazi yaliishia hivi. Juni 1895 vita vya Wamazrui vikaanza. Agosti mwaka huo huo majeshi ya Uingereza chini ya Admeri Rawson yakaiteka Mwele, ngome ya Mbaruk ndani ya msitu, bara ya Gazi. Aprili 1896 Mbaruk akavuka mpaka na watu wake, wakakabidhi silaha kwa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910, na nyumba yake ya Gazi baadaye ikafanywa shule. Kijana aliyekuwa na miaka 25 kwenye vita hivyo angekuwa na 60 watu wa Portsmouth walipokutana, bado mzima wa kutosha kushindilia baruti na kumkosoa anayeshindilia vibaya. Alichokosa ni bunduki yenyewe, aliyoikabidhi mpakani pamoja na wenzake, na kibali cha kuwa na nyingine.