Mavi ya Chuma na Jembe la Rungwe: Oksidi katika Uyeyushaji wa Jadi

Udongo wa Rungwe, Lupepo ikiwemo, umetokana na volkano na una rutuba, lakini jembe la kuulimia lilitoka mbali. Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza kuwa majembe na mikuki ilitoka kwa wahunzi wa Kinga, katika Milima ya Livingstone, ikabadilishwa kwa chakula. Wanahistoria wamelifuata jembe hilo. Mavi ya chuma yaliyobaki tanurini nayo yanafichua sehemu ya gharama yake.

Mawe ya chuma huja na mchanga, yaani silika. Silika tupu huyeyuka kwenye takribani nyuzijoto 1,700 za Selsiasi, kiwango ambacho tanuri la udongo na makaa ya miti halikifikii. Hata ikiyeyuka hubaki nzito mno, kwa kuwa silikoni na oksijeni zimeshikana kama wavu. Oksidi ya chuma ikiingia huyakata mafundo ya wavu huo: mchanganyiko huyeyuka karibu na nyuzijoto 1,200, mnato hupungua, na uchafu hutiririka ukiliacha bonge la chuma. Chokaa na majivu ya makaa husaidia pia.

Lakini oksidi hiyo ni chuma chenyewe. Katika matanuri ya aina hii, mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wa mavi ya chuma ni oksidi ya chuma. Kuuita upotevu huo uzembe wa mhunzi ni kukosea. Angelibana chuma chote, uchafu ungeganda na bonge lisingetengana nao. Hata hivyo utengano haukukamilika. Ndiyo maana Wafipa, baada ya tanuri refu, walilisafisha bonge tena katika tanuri dogo, kintengwe.

Si kila oksidi hulainisha katika kila hali. Mawe ya Liganga, wilayani Ludewa, yana titani nyingi. Katika tanuri kubwa la kisasa, penye joto kali na kaboni tele, sehemu ya titani hugeuka kabidi na nitridi zisizoyeyuka, na mavi ya chuma huwa mazito hata yakakwama. Joto la tanuri la mhunzi halikufika huko.